UZI: Kutia nanga penye matumbawe na kina kifupi. Tuache kubishania nanga, tuongelee mnyororo

Mwana wa Omo (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Mada ya nanga ikiletwa huwa inaishia palepale: ipi bora, Rocna au Delta, kilo ngapi kwa boti ya mita ngapi. Maswali mazuri hayo kwa anayelala kwenye ghuba ya matope. Ukiwa juu ya mita 3 hadi 7 za maji, chini mchanga mweupe na mawe ya matumbawe yametapakaa huku na kule, nanga ni sehemu ndogo tu ya habari. Nanga inachimba shimo lake na kutulia. Kinachotembea usiku kucha ni mnyororo. Ukijua utalala wapi na utafagia wapi, kazi kubwa umeshaimaliza. Usipojua, hata ukiwa na nanga ya bei mbaya kuliko zote, utaamka chombo kimefungwa kwenye jiwe.

Naongelea boti ya matanga ya kawaida, mita 10 hadi 14, yenye mnyororo wa milimita 8 au 10.

Nianze na hesabu maana ndiyo inayopuuzwa. Wengi wanasoma kipima kina, wanazidisha kwa 5, wanafunga breki ya winchi. Tuseme umefika maji yamekupwa na kina ni mita 4. Unaachia mita 20. Maji yakijaa yanapanda mita 2, na omo yako (pua ya boti) iko mita 1 juu ya maji. Kina cha kuhesabia kilikuwa mita 7 tangu mwanzo. Zile mita 20 hazifiki hata mara 3, na kwa mvuto wa namna hiyo mkono wa nanga unanyanyuliwa badala ya kulazwa. Ilitakiwa 7 mara 5, mita 35. Kwenye kina cha mita 15 hesabu ikikosewa hivyo unaweza usihisi kitu, lakini kina kinapokuwa kifupi urefu wa omo na kujaa kwa maji vinabeba karibu nusu ya hesabu. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ndiyo usiseme. Na kingine: kuna vipima kina vilivyopangwa kusoma kuanzia chini ya mkuku (uti wa chini kabisa wa boti) na vingine kuanzia usoni mwa maji. Jua chako kinasoma kutoka wapi kabla hujazidisha chochote.

Sasa geuza upande wa pili. Mita 35 za mnyororo zikinyooka, na boti ya mita 12 nyuma yake, tezi, yaani nyuma ya boti, iko karibu mita 46 kutoka nanga ilipo. Upepo ukizunguka umechora duara lenye upana wa mita 90 na ushee. Haya, tafuta duara la mchanga mtupu la mita 90 katikati ya matumbawe. Mara nyingi halipo.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wanaliona kinyume. Kwa upande wa mnyororo na matumbawe, usiku wa upepo mkali siyo mbaya kihivyo. Upepo ukivuma mnyororo unanyanyuka, unanyooka, unaelekea upande mmoja hadi asubuhi. Usiku wa shwari ndio mbaya. Mnyororo unaning'inia kutoka omoni karibu wima, mita 25 au zaidi zimelala chini, na boti inazurura na mkondo. Unapita kushoto kwa jiwe hili, kulia kwa lile, maji yanageuka, umeshajizungusha mara moja na nusu. Wewe umelala fofofo. Alfajiri upepo unaamka, boti inarudi nyuma, na mita 35 ulizoziamini zimebaki 8, kutoka omoni mpaka kwenye jiwe. Wimbi linapoinua omo hakuna tena mnyororo wa ziada wa kunyooka. Mshtuko wote unaingia kwenye roda ya omo na kwenye winchi, na vitu vinapinda.

Huko chini nako kuna hasara yake. Tumbawe ni mnyama, na sehemu iliyo hai ni utando mwembamba tu juu ya jiwe alilolijenga mwenyewe. Yale ya matawi yanaweza kukua sentimita 10 au zaidi kwa mwaka, yanavunjika, yanaota tena. Lakini yale makubwa ya mviringo, jamii ya Porites, yanakwenda takribani sentimita 1 kwa mwaka. Jiwe lenye kimo cha mita moja na nusu ni zaidi ya miaka 100 ya kujenga, na mnyororo unalichuna usiku mmoja.

Ninavyofanya mimi, kwa ufupi kiasi:

Siingii mahali pa matumbawe jua likiwa chini au likiwa usoni. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, jua liwe juu na kwa nyuma yangu, mtu mmoja amesimama omoni, au amepanda mlingotini kama mahali penyewe pamebana, amevaa miwani ya jua inayokata mng'ao. Kipima kina hakisaidii sana hapo, kwa sababu kinasoma kilicho chini yako, na jiwe la tumbawe linapanda ghafla kama ukuta. Kikikwambia mita 1, umeshafika juu yake.

Nikipaona pa mchanga, nazunguka kwanza taratibu eneo lote ambalo boti itafika, siyo pale pa kudondoshea tu. Halafu naelekea upepo unakotoka, boti isimame kabisa, nanga ishuke. Mnyororo unatolewa kidogo kidogo boti inavyorudi nyuma, usirundikane juu ya nanga. Ukishatoka theluthi mbili nashika kidogo ili kombe la nanga (jembe lake la kuchimbia) lianze kuuma, kisha naachia uliobaki. Injini rivasi, polepole, naongeza. Macho kwenye vitu viwili vya nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja: vikiachana, nanga inaburuta.

Wakati huo weka kiganja juu ya mnyororo pale mbele ya roda. Nanga ikiwa imeshika kwenye mchanga unasikia mkazo tulivu. Ikiwa inaruka ruka juu ya mwamba unasikia mitetemo mikavu, tak-tak-tak, hadi kwenye mifupa ya mkono. Na usiku, ukisikia kukwaruza kunakopanda kupitia bodi la chombo kama mtu anasaga mawe chumbani kwako, jua mnyororo umefika kwenye tumbawe.

Mwisho, maski usoni na majini. Kina cha mita 5 unaona kila kitu bila hata kuzama. Nikishindwa kuingia majini kwa sababu ya mkondo au giza, basi najihesabu kwamba sijatia nanga, nimeegesha tu.

Karibuni. Wenye utaratibu tofauti waseme.


Bildi na Chubwi

Mkuu umeshusha nondo. Swali langu ni la rangi. Mchanga mweupe naujua, unakuwa kijani-bluu cheupe, unang'aa. Shida ni yale mabaka meusi. Nyasi bahari na tumbawe kwa mbali mbona vinafanana? Kuna wakati nakwepa baka nusu saa nzima kumbe ni majani tu.


Mwana wa Omo

Tazama ukingo wake. Nyasi bahari zinafifia taratibu pembeni, hazina mpaka. Jiwe la tumbawe lina ukingo mkali, na likiwa linakaribia uso wa maji linaanza kuwa na rangi ya kahawia au manjano iliyochakaa. Kahawia ukiiona, simama.

Alama nyingine ni pete. Jiwe la tumbawe lililo katikati ya nyasi mara nyingi linazungukwa na utepe wa mchanga mtupu. Samaki na urchini (wale viumbe wa miiba) wanaojificha kwenye jiwe wanatoka kula majani, lakini hawathubutu kwenda mbali kwa kuogopa kuliwa wao, kwa hiyo wanakwangua yale ya jirani tu. Baka jeusi lenye pete nyeupe ni jiwe. Pete hizo zinaonekana hadi kwenye picha za setilaiti, na mimi huzitazama kabla sijafika.

Kivuli cha wingu nacho kinadanganya. Subiri dakika moja. Kikihama ni wingu.


Salum Kipwa

Hizo nyasi bahari msizichukulie poa jamani. Naona watu wanaona "ni majani tu" halafu wanatupa nanga katikati. Kwanza nanga nyingi hazishiki vizuri hapo: makombe yanajaa majani na mizizi, inateleza kama imevaa soksi. Nanga aina ya Danforth ndiyo kabisa, inaweza kupita juu juu bila kuchimba. Pili ukiing'oa unaondoka na zulia zima la mizizi, na pengo lile linachukua miaka kufunga. Kasa wa kijani na nguva wanakula hapo. Tafuta mchanga.


Tanga Moja

Naomba nitofautiane na mleta uzi. Kama tatizo ni mnyororo, si uondoe mnyororo? Mimi natumia mita 5 za mnyororo na zinazobaki kamba ya nailoni. Nyepesi, hailali juu ya matumbawe, haichubui kitu, na mgongo wangu unashukuru.


Mwana wa Omo

Kwa mchana, umekaa kwenye boti unaangalia, sawa. Kwa kulala, hapana. Ukingo wa tumbawe unakata nailoni iliyokazwa kama msumeno, na haikati mbele yako, inakata saa 9 usiku. Pia nailoni inazama. Kukiwa shwari inalala chini na kujizungusha kwenye mawe vilevile, tofauti ni kwamba mnyororo utakwama na kamba itakatika. Na kamba inataka urefu zaidi, mara 7 hivi, kwa hiyo duara lako ni kubwa kuliko langu.


Tanga Moja

Hapo kwenye duara nimekuelewa. Ila boti ya mita 8 kama yangu kubeba mita 50 za mnyororo mbele, omo inazama. Siyo kila mtu ana meli.


Nahodha Binti

Nimekuwa nasoma kimya kimya, acha niingie hapa kwa sababu kuna njia ya katikati na naona haijatajwa. Kuelesha mnyororo kwa maboya. Waliozoea visiwa vya Tuamotu huko Pasifiki wanaijua sana, maana ndani ya zile atoli (visiwa vya matumbawe vyenye umbo la pete) ni mawe ya matumbawe kila mahali, na wengi wao wanatumia maboya yaliyotoka kwenye mashamba ya lulu.

Wazo lenyewe: sehemu ya kwanza ya mnyororo, kutoka kwenye nanga, inalala kwenye mchanga kama kawaida. Sehemu inayobaki unaifunga maboya njiani ili ielee katikati ya maji, juu ya vichwa vya mawe.

Nichukue mfano wa mleta uzi, mnyororo wa mita 35, kina kinachocheza kati ya mita 4 na 6. Mita 15 za mwanzo usizifunge kitu. Boya la kwanza kwenye mita 15, la pili mita 21, la tatu mita 27. Nane za mwisho zinaning'inia zenyewe kutoka omoni. Mnyororo wa milimita 10 una kilo 2 na kidogo kwa kila mita, ndani ya maji unakuwa karibu kilo 2. Mita 6 ni kilo 12. Lita moja ya hewa inanyanyua karibu kilo moja, kwa hiyo boya la lita 12 hadi 15 linatosha. Usiweke kubwa zaidi ukidhani unafanya vizuri. Boya kubwa karibu na nanga linanyanyua hata zile mita zinazotakiwa kulala, na mvuto kwenye nanga unaanza kwenda juu.

Funga kila boya kwa kamba fupi, kama nusu mita, yenye kulabu ya kufungua kwa mkono mmoja. Mwenzako yuko kwenye winchi anatoa, wewe umelala kifudifudi omoni unapachika. Wakati wa kung'oa ni hivyohivyo kinyume, na hapo kuna umuhimu wa kulabu nyepesi kwa sababu mnyororo hausubiri vidole.

Faida yake kwenye hoja ya uzi: duara la boti linabaki lilelile, mita 90. Lakini duara la mnyororo unaogusa chini linakuwa mita 30 kwa upana, nayo hiyo unaipata. Mchanga wa mita 30 unapatikana sehemu nyingi ambazo wa 90 haupo.

Tanga Moja, kwa boti yako unaweza kuweka mnyororo mita 15 au 20 na nailoni juu yake, nailoni iwe ndiyo inayobebwa na maboya. Haigusi jiwe, haikatiki.


Mzee wa Amari

Binti, nakusikia, ila nina neno. Uzito wa mnyororo ndio unaofanya nanga ilale. Ukiuelesha wote na maboya umeuua huo uzito. Upepo wa ghafla ukija, utaning'inia na nini?


Nahodha Binti

Shikamoo mzee. Hoja yako nzito na ndiyo maana mita za mwanzo haziguswi. Ila tukumbuke kwenye kina kifupi ule mpinde wa mnyororo ni kitu cha upepo mdogo. Upepo ukifika fundo 30 (kama kilomita 55 kwa saa) mnyororo umeshanyooka karibu wote, uwe na maboya usiwe nayo, na kinachobaki kukulinda ni urefu wake na kamba ya nailoni ya kupokea mshtuko. Tena boya likivutwa chini ya maji linafanya kazi kama springi, linapinga. Kwa hiyo sijaona hasara kwenye upepo mkali. Kwenye upepo wa wastani labda boti inacheza cheza kidogo zaidi kushoto na kulia, hilo nakubali.


Mzee wa Amari

Marahaba. Kwenye nailoni hiyo hatuna ubishi. Anayefunga mnyororo moja kwa moja kwenye winchi, bila kamba ya kubeba mzigo, hajui winchi imetengenezwa kwa ajili gani. Winchi ni ya kuvuta, siyo ya kulala nayo. Mita 8 hadi 10 za nailoni, nyembamba ya kutosha kunyumbulika, kulabu kwenye mnyororo, halafu achia mnyororo ulegee nyuma yake. Kukiwa na matumbawe hiyo kamba isiguse chini. Ikae yote ndani ya maji ya juu.

Na mimi nasimamia yangu: maboya kwa anayejua hali ya hewa ya usiku huo. Usiyejua, tafuta mahali pengine.


Kijana wa Doria

Wakuu samahani, mimi mgeni. Kwanini msiweke nanga mbili, moja omoni na moja tezini? Boti haizunguki, duara hakuna, tatizo limekwisha.


Mzee wa Amari

Kijana, limekwisha mpaka upepo utakapogeuka. Boti iliyofungwa mbele na nyuma inapokea upepo wa ubavuni kwa ubavu mzima, na mzigo kwenye nanga unakuwa mkubwa kuliko nanga ilivyohesabiwa. Boti ikiwa na nanga ya omo peke yake inageuza uso kwenye upepo, inajipunguzia mzigo yenyewe.

Kuna mahali inafaa: kijito chembamba, hali ya hewa tulivu, mkondo wa kwenda na kurudi. Ukifanya hivyo, kamba ya tezi iwe na boya lake tayari, ili upepo ukigeuka uiachie yote baharini na kuifuata kesho. Kuna na ile ya Bahamas, nanga mbili zote zinatoka omoni, moja inaelekea mkondo unakotoka na nyingine unakokwenda. Inapunguza duara sana. Lakini boti ikizunguka inasokota minyororo, na kuisokotoa ni adhabu.


Kijana wa Doria

Asante mzee, nimeelewa. Kwa hiyo bora kutafuta boya la kufungia boti kabisa?


Salum Kipwa

Likiwepo, ndiyo. Na historia yake ni nzuri kuijua. Mwaka 1981 kule Key Largo, Florida, mwanabaiolojia John Halas alianza kutoboa mwamba, anasimika chuma cha pua ndani kwa saruji, kamba inayoelea inapanda hadi kwenye boya. Kabla ya hapo boya lilikuwa linashikiliwa na bonge la zege na mnyororo, ambao nao ulikuwa unafagia matumbawe palepale ulipowekwa kuyalinda. Njia ya Halas imesambaa sehemu nyingi za tropiki tangu hapo.

Bonaire, kisiwa cha Karibi, wao walikwenda mbali zaidi. Hifadhi yao ya bahari ilianzishwa mwaka 1979, na boti za wageni zinafungwa kwenye maboya, hazitii nanga kwenye matumbawe. Kwenye Great Barrier Reef, Australia, kuna sehemu utakuta maboya meupe yenye umbo la piramidi. Hayo hayafungwi boti! Yanachora mstari, ndani ya mstari hakuna kutia nanga. Watu wageni wanayaona boya wanarusha kamba.

Kabla hujajifunga popote soma kilichoandikwa kwenye boya lenyewe: urefu wa boti unaoruhusiwa, upepo wa mwisho, muda. Halafu ingia majini uangalie kamba na pingu yake (chuma cha kuunganishia) chini. Nimeona boya jipya la kung'aa juu, chini pini ya pingu imeliwa ikabaki unene wa msumari. Boya siyo dhamana.


Bildi na Chubwi

Nirudi kwa mleta uzi. Umesema ukiingia na maski unaona kila kitu. Unaangalia nini hasa? Mimi nikiiona nanga imezama mchangani narudi zangu kupumzika.


Mwana wa Omo

Kuna mchanga wa kweli na mchanga wa kupaka. Sehemu nyingi za matumbawe mchanga ni tabaka la sentimita 10 au 20 juu ya mwamba wa chokaa. Kutoka juu unaona uwanja mweupe mzuri, nanga inaonekana imeingia, kumbe ncha imegota. Ikivutwa kutoka upande mwingine inateleza hadi mwisho wa uwanja. Mimi nashuka na ufito mwembamba wa chuma, nauchomeka pembeni ya nanga sehemu tatu nne. Ukizama hadi ngumi, vizuri. Ukigonga mapema, nahama.

Kisha naufuata mnyororo wote hadi chini ya omo nikitazama kushoto na kulia, siyo pale ulipo tu. Jiwe lililo mita 10 pembeni leo ndilo litakaloshika usiku upepo wa nchi kavu ukianza. Natazama pia kina juu ya mawe yaliyo ndani ya duara la boti. Jiwe lenye mita 3 za maji juu yake wakati yamejaa linabaki na mita 1 yakipwa, na mkuku wako ni mita 2. Watu wanaangalia mnyororo, wanasahau kwamba boti yenyewe nayo inazunguka.

Na upande wa demani, huko unakosukumwa na upepo: nanga ikiachia una sekunde ngapi kabla ya mwamba? Kama jibu ni chache, kaa joshini zaidi, upande upepo unakotoka, au ondoka. Njia niliyoingilia naiacha imehifadhiwa kwenye GPS, ili ikibidi kutoka gizani nirudie mstari uleule.


Tanga Moja

Swali la mwisho kutoka kwangu. Umeshakwama tayari. Mnyororo umezunguka jiwe, upepo unapanda. Mimi ningeweka injini mbele nivute kwa nguvu.


Nahodha Binti

Usivute. Ukivuta kwa nguvu, kati ya jiwe, mnyororo na omo yako kimoja kitavunjika, na hujui kipi.

Kwanza ongeza mnyororo, upunguze mishtuko, na funga nailoni kama hujafunga. Mtu mmoja aingie na maski akae usoni mwa maji, mbali na tezi, aone mnyororo umezunguka upande gani. Saa au kinyume cha saa, hilo tu ndilo linalotakiwa. Kisha boti irudishwe kwa injini polepole sana kwa njia ileile iliyozungukia, mnyororo ukiwa umelegea, aliye majini anaonyesha kwa mkono na aliye omoni anampasia anayeshika usukani. Mtu wa majini akisogea karibu na tezi, gia inatoka, hakuna mjadala. Mnyororo ulionaswa chini ya ukingo wa jiwe unaweza kuunyanyua kwa kamba na boya la pembeni la boti: zamisha kamba, pitisha chini ya mnyororo, funga, boya linavuta lenyewe. Vidole visiingie kati ya mnyororo na jiwe hata kama umelegea, wimbi moja linatosha kuukaza.

Nanga yenyewe ikinasa chini ya jabali, kinachosaidia ni kamba iliyofungwa mapema kwenye kichwa cha nanga, upande wa makombe, ili uivute kinyume. Mimi siiachi ifike juu kwa sababu inapenda kwenda kujizungusha kwenye rafadha, panga la injini. Naifunga chelezo kidogo kinachoelea mita 2 juu ya nanga, chini ya maji, nashuka kukifuata nikikihitaji.


Kijana wa Doria

Na kama nimefika jioni, jua limeshashuka, sioni rangi, na hakuna boya?


Mzee wa Amari

Unabaki nje kwenye maji marefu, unapunguza tanga, unapeana zamu na wenzako mpaka kupambazuke. Au unarudi mahali ulipopitia mchana ukapaona. Chai ya zamu ya usiku haina sukari ya kutosha, ila huwa inanyweka.


Mwana wa Omo

Nakubaliana na mzee. Na kama kuna boti nyingine tayari imelala humo ndani, usijidanganye kwamba alipo yeye na wewe panakufaa. Hujui ana mkuku wa kiasi gani, hujui ameweka mnyororo mita ngapi. Katamarani, boti ya mabodi mawili isiyozama sana majini, inaweza kuelea pale wewe utakapokaa juu ya mwamba. Kesho ukiingia, yeye ndiye wa kwanza, kwa hiyo wewe ndiye wa kumpisha na duara lake. Muulize tu ameachia mita ngapi kabla hujashusha yako.